Walker, Fuller na Tucker: fundi mmoja, majina matatu

SWALI: Mimi ni kiongozi wa watalii hapa Moshi. Mwezi uliopita nilipandisha mlima mgeni mmoja Mwingereza ambaye jina lake la ukoo ni Walker. Nikamtania kwamba jina linamfaa, maana alitembea siku sita bila kulalamika hata mara moja. Akacheka, akasema jina lile halihusu safari. Wazee wake walikuwa watu wa nguo. Akaongeza kwamba hata wanaoitwa Fuller na Tucker asili yao ni kazi hiyohiyo. Sikumwelewa. Kwani "walker" si mtembeaji? Na kazi moja inapataje majina matatu? Halafu nimewahi pia kupandisha Wamarekani Weusi wawili, nao ni akina Walker. Wazee wao nao walikuwa mafundi nguo huko Uingereza?

JIBU: Mgeni wako alikwambia kweli, ndugu yangu, na nimefurahi umeuliza, kwa sababu katika majina yote ya kazi ya Waingereza hakuna matatu ninayoyapenda kama haya. Nawe hukukosea sana. Miguu imo ndani ya jina Walker, ila ilikuwa ikikanyaga nguo.

Tuanze na kazi yenyewe. Sisi huku ni watu wa pamba: kitambaa kikitoka kwa mfumaji unakata, unashona, unavaa. Sufu haiko hivyo. Kitambaa cha sufu kikishuka kwenye mtambo wa mfumaji kimelegea kama wavu, ukikiinua unaona mwanga upande wa pili, tena kinanuka mafuta ya kondoo. Hakizuii upepo wala mvua. Lazima kwanza kitolewe mafuta, kisha kibanwe mpaka nyuzi zishikane.

Jinsi zinavyoshikana huenda umewahi kujionea kwa hasara. Umeloweka sweta la sufu kwenye maji moto, ukalisugua kama unavyosugua suruali ya jinzi, likarudi mpaka likamtosha mtoto wa miaka mitano, zito na gumu kama zulia. Unyoya wa kondoo una magamba madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Ukiupa maji, joto na msuguano, magamba yananasana na hayaachani tena. Sweta lako limeharibika, lakini kwa fundi wa karne ya 13 hiyo ndiyo iliyokuwa kazi, na alilipwa ili nguo irudi kwa kiasi, sawasawa kila mahali, isitoboke.

Aliilaza nguo ndani ya hori, akamimina maji na udongo laini unaofyonza mafuta. Udongo huo ulichimbwa sehemu chache; uliosifika sana ulitoka Surrey, karibu na Redhill. Mahali pengine walitumia mkojo uliokaa siku nyingi. Usikunje uso: mkojo ukikaa hutoa amonia, na amonia ikikutana na mafuta inafanya kazi ya sabuni. Warumi walifanya hivyohivyo, na biashara ya mkojo ilikuwa kubwa kiasi kwamba Kaisari Vespasian aliitoza kodi. Baada ya hapo fundi alikunja suruali, akaingia horini pekupeku, akakanyaga saa nyingi, akiigeuza nguo na kuikunja upya ili isibaki alama.

Nilipokuwa mdogo tulifua mablanketi kwa namna hiyo, watoto wawili ndani ya karai moja, tumeshikana mabega, tunakanyaga huku mama anaongeza maji. Dakika ishirini tu na mapaja yanawaka moto. Nikisoma habari za mafundi wale hukumbuka mapaja yangu.

Nguo ilipotoka horini ilitandazwa kwenye fremu ndefu za mbao uwanjani, ikavutwa kwa kulabu ili ikauke ikiwa imenyooka. Ikachanwa kwa vichwa vya mmea wenye miiba ili manyoya yasimame, kisha mtu mwingine akayapunguza kwa mkasi mkubwa. Lakini kazi kuu ilikuwa ile ya horini.

Kiswahili hakina neno la fundi huyu, kwa sababu hatukuwa na sufu ya kukanyaga. Watafsiri wa Biblia waliliona tatizo hilo. Katika Marko 9:3, mavazi ya Yesu yanapong'aa mlimani, Biblia yetu inasema yalikuwa meupe jinsi dobi duniani asivyoweza kuyafanya. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 mahali hapo inasema "fuller". Dobi ni chaguo zuri kwa msomaji wetu, ila dobi anafua nguo ya mtu iliyochafuka, na yule fundi alikuwa akimalizia nguo ambayo haijavaliwa na mtu.

Sasa maneno. Kiingereza cha kale, kabla Wanormani hawajavuka bahari kutoka Ufaransa mwaka 1066, kilikuwa na kitenzi *wealcan*: kuviringisha, kutupa huku na huku, kama mawimbi yanavyofanya. Kutoka hapo likapatikana *wealcere*, yule anayeikanyaga na kuigeuzageuza nguo. Maana ya kwenda kwa miguu ilikuja kushika nafasi baadaye, kwenye miaka ya 1200 hivi. Kwa hiyo fundi wa nguo aliitwa *wealcere* kabla kitenzi hicho hakijawa na maana ya kutembea. Wajerumani nao wana kitenzi *walken*, na hadi leo kwao maana yake ni kuibana sufu namna hii hii. Kiingereza kilipohamisha maana ya kitenzi, jina la watu lilibaki palepale lilipokuwa.

Ndiyo sababu kosa lako ni la watu wengi sana, wakiwemo Waingereza wenyewe. Umeiona ile picha ya bwana mwenye kofia ndefu na fimbo, anayetembea kwa hatua kubwa kwenye chupa za Johnnie Walker? John Walker alikuwa mwenye duka la vyakula mjini Kilmarnock, Uskoti, kuanzia 1820. Bwana anayetembea alichorwa mwaka 1908 na mchoraji Tom Browne, na wazo zima la mchoro linategemea maana ya leo ya neno. Mchoro wenye asili ya jina ungekuwa mtu amesimama horini, maji ya udongo yamemfika magotini.

*Fuller* limetoka kwa Warumi: fundi huyu kwa Kilatini ni *fullo*. Neno liliingia katika Kiingereza mapema, na Wanormani walipokuja na neno lao la Kifaransa lenye shina hilohilo likapata nguvu zaidi. *Tucker* lina asili ya ajabu zaidi, kutoka *tucian*, kitenzi cha kale chenye maana ya kutesa, kuadhibu. Hebu fikiria mtu wa kwanza aliyeangalia nguo inavyokanyagwa na kupigwa akasema: hii inateswa.

Umeuliza kwa nini matatu. Kila neno lilikuwa na nchi yake. Magharibi ya kusini, yaani Devon, Cornwall na Somerset, fundi huyu alikuwa *tucker*. Kusini-mashariki na mashariki, kuanzia Kent na Sussex hadi Norfolk na Suffolk, alikuwa *fuller*. Sehemu za kati, kaskazini yote na Uskoti alikuwa *walker*. Hakuna aliyepanga hivyo. Ni kama samaki mmoja anavyobadilika jina kutoka bandari hadi bandari katika mwambao wetu, na kila mvuvi anaona jina la kwao ndilo sahihi.

Ushahidi bado umesimama. Mjini Exeter, Devon, kuna jengo la chama cha wafumaji, wakanyaga nguo na wakata manyoya, lililojengwa mwaka 1471, nalo huitwa Tuckers Hall mpaka leo. London, chama cha mafundi haohao kilipopata hati yake mwaka 1480 kilikuwa cha Fullers. Mwaka 1528 kiliungana na wakata manyoya wakawa chama kimoja cha Clothworkers. Na huko Yorkshire, hasa kwenye mabonde ya upande wa magharibi ambako sufu ilikuwa maisha yenyewe, orodha za zamani zimejaa Walker.

Kinachonishangaza kila mara ni jinsi ramani hiyo ilivyodumu. Chukua sensa ya Uingereza ya mwaka 1881, miaka mia tano baada ya majina kuanza kutulia, reli zimeshajengwa, vijana wamekimbilia viwandani. Ukiweka akina Tucker kwenye ramani wanarundikana Devon na jirani zake. Akina Fuller wako mashariki na kusini-mashariki. Akina Walker wamejaa Yorkshire na Lancashire. Mtu aliyekufa zamani, asiyejua kusoma, ametuachia lafudhi ya kijiji chake ndani ya jina la vitukuu vyake.

Sasa neno la kazi liligeukaje jina la ukoo? Fungua simu yako uangalie majina uliyohifadhi. Bila shaka yumo Juma Fundi Bomba, yumo Hamisi Bodaboda, yumo Mama Samaki. Hujawapa watu hao majina mapya. Umewatofautisha na akina Juma wengine. Kijiji cha Kiingereza cha mwaka 1250 kilikuwa na shida hiyohiyo, tena kubwa kuliko yetu, maana wanaume wengi waligawana majina machache: John, William, Robert, Richard. Karani wa bwana mwenye ardhi aliandika *Richard le Walkere*, Richard mkanyaga nguo, na kila mtu akajua ni yupi.

Lakabu hiyo ingeweza kufa na Richard. Iliyoifanya iendelee ni karatasi. Mwana aliporithi kipande cha ardhi ilimfaa kujulikana kwa jina lililokuwa kwenye daftari la baba yake. Halafu ikaja kodi. Mwaka 1377, 1379 na 1381 mfalme alitoza kodi ya kichwa, neno ambalo wazee wetu hawakuhitaji kufafanuliwa, na makarani wakapita wakiandika watu kwa majina. Mwaka 1413 sheria ikataka hati za mashtaka zitaje hali ya mtu au kazi yake na mahali anapoishi. Ni dalili nzuri kwamba kufikia hapo jina peke yake lilikuwa limeacha kukueleza mtu anafanya nini: unaweza kumkuta John Walker ambaye ni mshona viatu. Mwaka 1538 makanisa yakaagizwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Kusini majina yalitulia mapema, kaskazini yalichelewa, na mahali pengine hata kwenye miaka ya 1400 mtoto bado hakubeba jina la baba.

Na hapa pana jambo ambalo mgeni wako huenda halijui. Wengi wa akina Walker wa kwanza inaelekea hawakukanyaga kitu. Mwaka 1185 Wanajeshi wa Hekalu, wale watawa waliokuwa wakipigana vita vya msalaba, waliorodhesha mali zao Uingereza, na ndani ya orodha kuna vinu viwili vya kubania nguo kwa nguvu ya maji, kimoja Newsham huko Yorkshire, kingine Gloucestershire. Mto unazungusha gurudumu. Mhimili wa gurudumu una meno. Meno yanainua nyundo nzito za mbao na kuziachia ziangukie nguo horini, usiku na mchana, bila kuchoka mapaja. Katika karne iliyofuata vinu hivyo vilienea kando ya mito yenye kasi, na mito yenye kasi iko zaidi kaskazini na magharibi. Mafundi wa mijini waliumia. Mwaka 1298 wale wa London walilalamika kwamba nguo zinapelekwa kwenye vinu vya Stratford, nje ya mji. Hata mshairi William Langland, aliyeandika katika nusu ya pili ya karne ya 14, anasema nguo ikitoka kufumwa haipendezi kuvaa mpaka ibanwe kwa miguu au kwenye nyundo za kinu. Anataja njia zote mbili, kwa sababu zote mbili zilikuwepo machoni pake.

Kwa hiyo wakati jina linaganda, mwanamume aliyeitwa Walker mara nyingi alikuwa mwenye kinu au mwangalizi wa kinu. Miguu ilikuwa imeshapumzika. Kinu chenyewe kiliitwa *walk mill* kaskazini na *tucking mill* magharibi, na majina hayo bado yako kwenye ramani. Cornwall kuna mji mdogo unaoitwa Tuckingmill. Wales, kwa lugha yao, kinu hicho ni *pandy*, ndiyo unapata Tonypandy.

Mahali ambapo miguu na mikono haikupumzika ni visiwa vya magharibi vya Uskoti. Huko, mpaka karne ya 20, wanawake walikaa kuzunguka ubao mrefu, nguo iliyolowa mkojo mikononi, wakaipiga na kuisukuma kutoka kwa mmoja hadi mwingine, wakiimba. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na wimbo ndio unaopima muda wa kazi. Kuna rekodi zake. Anayezisikiliza akiwa amekulia penye kinu na mchi hatahitaji kuelezwa wimbo unafanya nini pale. Kwa Kigaeli, lugha ya visiwa hivyo, mwana wa fundi huyu aliitwa *Mac an Fhùcadair*, na baadhi ya wenye jina hilo, Kiingereza kilipowafikia, waliandikwa Walker. Jina likatafsiriwa kama tunavyotafsiri neno.

Basi usimchukulie kila Walker kuwa ndugu wa mwenzake. Jina lilizaliwa mara mia, popote palipokuwa na hori na mtu wa kukanyaga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Turi King na Mark Jobling, walichapisha mwaka 2009 uchunguzi wa vinasaba vya wanaume 1,678 wenye majina 40 ya Kiingereza. Wenye majina adimu mara nyingi walionekana kushuka kwa baba mmoja au wachache. Wenye jina Smith, yaani mhunzi, hawakuhusiana kuliko watu wowote waliookotwa barabarani. Nami nawaweka akina Walker upande huo wa Smith, kwa kuwa jina lao limo miongoni mwa 20 ya mwanzo Uingereza.

Yapo pia mashimo madogo. Kuna mtaa unaoitwa Walker huko Newcastle, na jina lake halihusu nguo kabisa. Linatokana na kinamasi kilichokuwa kando ya ukuta wa Warumi. Familia chache huenda zimelibeba kutoka hapo. Wengine watakwambia Walker alikuwa askari wa msitu. Kazi hiyo ilikuwepo, lakini neno linaonekana kwa maana hiyo baadaye, wakati majina mengi yalikuwa yameshakaa.

Nimeliacha swali lako la wageni Weusi kwa sababu ndilo zito. Akina Walker walivuka bahari kwenda Ireland ya kaskazini wakati Waskoti na Waingereza walipogawiwa ardhi huko kuanzia miaka ya 1610, na kutoka huko na Uingereza wakaenda Marekani. Baadhi yao walimiliki watumwa. Kwenye madaftari ya mabwana mtumwa aliandikwa jina moja tu, kama mali. Wengi walikuwa na jina la ukoo walilotumia wenyewe kwa wenyewe, bwana asijue au asijali. Uhuru ulipokuja mwaka 1865 wengine walishika jina la bwana wa mwisho, wengine la bwana wa zamani zaidi ambaye wazazi wao walitenganishwa chini yake, ili ndugu waliouzwa mbali waweze kuwatafuta kwa jina hilo. Wengine walichagua tu jina walilolipenda. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wote kwa majina kamili. Katika sensa ya 2010, Walker lilikuwa jina la 31 kwa wingi Marekani, na takriban theluthi moja ya waliolibeba walikuwa Weusi.

Kwa hiyo wageni wako wale wawili, jina lao ni la fundi wa Kiingereza, lakini fundi huyo si lazima awe babu yao. Linawaeleza habari ya mtu mwingine aliyekutana na babu yao, na namna walivyokutana ndiyo historia yenyewe. Tena kila familia ina yake. Madam C. J. Walker, mfanyabiashara maarufu wa vipodozi vya nywele, alizaliwa Sarah Breedlove mwaka 1867 na wazazi waliokuwa watumwa. Walker alilipata kwa mume. David Walker alizaliwa North Carolina na mama aliyekuwa huru, na mwaka 1829 alichapisha Boston kijitabu kikali dhidi ya utumwa, ambacho kilisafirishwa kwa siri hadi majimbo ya kusini. Alijipatia riziki kwa duka la nguo kuukuu, mitumba kwa maneno yetu. Kila nikifika hapo husimama kidogo: jina la watu wa nguo, limerudi kwenye nguo, mikononi mwa mtu ambaye sheria za nchi yake zilimhesabu chini ya nguo.

Huku kwetu pia jina lilifika, kwa njia zake. Eric Sherbrooke Walker ndiye aliyejenga Treetops kule Nyeri mwaka 1932, hoteli ya juu ya mti ambako Elizabeth alikuwa amelala Februari 1952 usiku baba yake alipofariki na yeye akawa malkia. Wenzako wa Kenya wanaoongoza watalii wanaijua habari hiyo kwa moyo.

Mgeni wako akirudi kupanda tena, muulize babu zake walitoka wilaya gani. Akisema Yorkshire au Lancashire, mwambie atafute kwenye ramani ya zamani kijito chenye kinu cha *walk mill* karibu na kanisa walilobatizwa. Mara nyingi hakiko mbali. Akisema Devon, mwulize ni nani kati yao aliyehama kutoka kaskazini, na lini, kwa maana fundi wa Devon angemwachia jina Tucker.